JINO HALIFANYI KAZI PEKE YAKE
Somo la historia: jinsi watu walivyojifunza kukutanisha mataya

 

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme. Ni historia ya kitu kilichomo kinywani mwa kila mmoja wenu sasa hivi. Tutaona jinsi meno ya juu yanavyokutana na meno ya chini, na jinsi watu walivyotaabika kwa zaidi ya miaka mia mbili kujifunza kuyakutanisha tena yalipokwisha kung'oka.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Jambo hili lina historia gani? Jino likioza hung'olewa, na pengo likibaki hutiwa jino jingine, basi." Mwenye kuuliza hivyo hakukosa. Hata mafundi wa meno wa zamani walifikiri vivyo hivyo. Sikilizeni mwone yaliyowapata.

KWANZA TUJITAZAME WENYEWE

Kabla ya kwenda mbali, fanyeni majaribio matatu.

La kwanza. Wekeni ncha za vidole mbele kidogo ya masikio, upande huu na upande huu. Fungueni kinywa polepole, kisha kifungeni. Je, mmesikia kitu kikijongea chini ya vidole? Hicho ndicho kiungo cha taya. Taya la juu limeshikamana na fuvu la kichwa, wala halisogei. Taya la chini ndilo linalokwenda na kurudi. Lakini halifunguki kama mlango kwenye bawaba. Mwanzo huzunguka kama bawaba, ndiyo, lakini kinywa kikizidi kufunguka, vichwa vya taya huteleza kwenda mbele na chini. Kumbukeni neno hilo, "huteleza," maana ndilo lililowasumbua mafundi wengi.

La pili. Tafuneni kana kwamba mnatafuna muwa. Mwaona taya la chini laenda kando, kisha larudi. Mnayajua mawe ya kusagia: jiwe kubwa hukaa chini, na jiwe dogo husukumwa juu yake. Kinywani mambo yamegeuka. Jiwe la juu limetulia, na la chini ndilo lisagalo. Tena tazameni gego kwa kioo mtakapofika nyumbani. Juu yake mna vilima na mabonde. Vilima vya jino la chini huingia katika mabonde ya jino la juu, na vya juu huingia katika ya chini.

La tatu. Nyamazeni kidogo, midomo imefungwa, uso umelegea. Je, meno yenu ya juu na ya chini yanagusana? Kwa watu wengi hayagusani. Pana nafasi ndogo ya kama milimita 2 hadi 4. Meno hukutana wakati wa kutafuna na kumeza, kisha huachana yakapumzika.

Wahenga walisema, "Meno ya mbwa hayaumani." Walisema hivyo kwa ajili ya ndugu wanaogombana bila kudhuriana. Lakini hata kwa maumbile methali hii ni kweli. Meno yaliyokaa vema hukutana mara nyingi kila siku, wala hayaumizani. Yakikutana vibaya, huvunjika, au husagika, au fizi na misuli ya taya huuma.

RAIS MWENYE JINO MOJA

Sasa twende Marekani. Tarehe 30 Aprili mwaka 1789, katika mji wa New York, George Washington aliapishwa kuwa Rais wa kwanza wa nchi hiyo. Alikuwa jemadari mashuhuri aliyewashinda Waingereza. Lakini siku hiyo kinywani mwake lilikuwa limebaki jino lake moja tu. Meno mengine yalikuwa yamekwisha kuharibika na kung'olewa.

Daktari wake wa meno, John Greenwood, alimtengenezea meno ya bandia. Watu wengi husimulia kwamba yalikuwa ya mti. Si kweli. Yalichongwa katika meno ya kiboko, na ndani yake yakatiwa meno ya watu. Kiboko haishi Marekani wala Ulaya. Basi meno hayo yalitoka huku kwetu Afrika. Seti nyingine ya Washington iliyohifadhiwa mpaka leo nyumbani kwake, Mount Vernon, ni ya risasi, tena ina meno ya watu, ya ng'ombe na ya farasi.

Meno ya watu yalipatikana wapi? Kitabu cha hesabu za Washington cha mwaka 1784 chaonyesha kwamba watumwa walilipwa paundi 6 na shilingi 2 kwa meno tisa, kwa ajili ya daktari wa meno Mfaransa. Mtumwa hana uwezo wa kukataa, basi fikirini wenyewe biashara hiyo ilikuwa ya namna gani. Huko Ulaya nako, baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815, watu waliwang'oa meno askari waliokufa wakayauza. Jino la bandia la tajiri lilikuwa limetoka kinywani mwa maskini au mwa maiti.

Je, meno hayo ya thamani yalimfaa Rais? Hayakumfaa. Bamba la juu na bamba la chini yaliunganishwa kwa springi, kusudi la juu lisianguke. Lakini springi husukuma wakati wote. Mwenye kuvaa meno hayo alipaswa kukaza taya ili kinywa kifungike, kama mtu anayekalia kifuniko cha sanduku lililojaa mno. Mwezi Desemba mwaka 1798 Washington alimwandikia Greenwood kulalamika kwamba meno yanaisukuma midomo yake nje. Tazameni picha yake iliyochorwa na Gilbert Stuart mwaka 1796, ambayo ndiyo iliyofuatwa katika noti ya dola moja. Mtaona mdomo umevimba na umekazwa.

Hapo ndipo pana fundisho la kwanza. Washington alikuwa na mali, alikuwa na fundi hodari, alikuwa na pembe nzuri. Kilichokosekana ni elimu: kujua mahali taya la chini linapokaa, na njia linayopita.

MFALME WA PRUSIA NA KIPANDE CHA NTA

Elimu hiyo ilikuwa imekwisha kuanza Ulaya. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alitoa kitabu kikubwa juu ya kazi ya meno, na kwa sababu hiyo watu humwita baba wa udaktari wa meno wa siku hizi. Yeye pia alitumia springi. Lakini mwaka 1756 Philipp Pfaff, daktari wa meno wa Mfalme Frederick wa Prusia, aliandika jambo jipya. Alikuwa akitia nta laini kinywani ili kupata sura ya taya, kisha akamimina plasta juu ya nta. Plasta ikikauka, anayo sanamu ya taya mkononi. Tena alimwambia mgonjwa aume kipande cha nta. Nta ile ilibaki na alama za juu na za chini pamoja.

Mwaona faida yake? Zamani fundi alichonga pembe, akaijaribu kinywani, akachonga tena, akajaribu tena. Sasa aliweza kuziweka sanamu mbili mezani, akazikutanisha kwa ile nta, akajua taya la chini linakaa wapi mbele ya la juu.

Mwaka 1805 Mfaransa mwingine, Gariot, alieleza jinsi ya kushikanisha sanamu hizo mbili nyuma kwa plasta, ziweze kufunguka na kufungika. Hicho huhesabiwa kuwa mwanzo wa chombo ambacho madaktari wa meno hukiita atikuleta. Sisi katika somo hili tukiite "taya la mfano." Mafundi wakafuatisha kwa bawaba za shaba. Likawa taya la mfano lenye kufunguka kama mlango.

Lakini nimewaambia nini mwanzoni? Taya la mtu halifunguki kama mlango tu. Huteleza. Meno yaliyopangwa kwenye bawaba yalikutana vizuri mezani. Yalipotiwa kinywani, mwenye kuyavaa alitafuna kwa kwenda kando, na mara bamba likainuka upande mmoja likamwangukia ulimini.

DAWA YA USINGIZI NA MPIRA MGUMU

Katikati ya karne ya kumi na tisa mambo mawili yaliongeza haja ya meno ya bandia.

La kwanza ni dawa ya kuondoa maumivu. Tarehe 16 Oktoba mwaka 1846, mjini Boston, daktari wa meno William Morton alionyesha hadharani kwamba mvuke wa etha humlaza mgonjwa asisikie kisu. Baada ya hapo watu hawakuogopa tena kung'olewa meno, na waliotaka ya bandia wakazidi.

La pili ni mpira. Charles Goodyear alivumbua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa pamoja na kibiriti, yaani salfa, hubadilika ukawa imara. Mwaka 1851 ndugu yake, Nelson, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa mpira mgumu, uitwao valkanaiti. Mpira huo ulibonyezwa juu ya sanamu ya plasta ukiwa laini, ukapikwa, ukawa mgumu wenye sura ileile ya ufizi. Ulikuwa rahisi kuliko dhahabu na pembe. Ndipo watu wasio matajiri walipoanza kuvaa meno ya bandia.

Hata hivyo urahisi huo ulileta ugomvi. Kampuni moja ilishika hati ya kutumia mpira huo katika meno, ikawatoza ada madaktari, na waliokataa ikawashtaki. Mwaka 1879, mjini San Francisco, daktari wa meno aitwaye Samuel Chalfant alimpiga risasi akamwua Josiah Bacon, mkuu wa fedha wa kampuni hiyo aliyekuwa akimfuata kwa mashtaka. Hati ile ikaisha nguvu mwaka 1881, na mpira ukawa wa kila fundi. Basi mjue kwamba hata katika jambo la kutafuna chakula, watu wamegombania mali mpaka wakauana.

WALIOPIMA MATAYA

Sasa mafundi walikuwa na kitu rahisi cha kutengenezea. Lililobaki ni lile swali la zamani: taya hutembea vipi?

Mmarekani William Bonwill alipima mataya mengi. Aliona kwamba ukipiga mstari kutoka kiungo cha kulia mpaka cha kushoto, na kutoka kila kiungo mpaka katikati ya meno ya mbele ya chini, wapata pembetatu. Alisema kila upande wa pembetatu hiyo una urefu wa inchi 4, yaani kama sentimita 10. Mwaka 1858 alitengeneza taya la mfano kwa vipimo hivyo, lenye viungo viwezavyo kuteleza. Sasa tunajua kwamba watu hawalingani, na pembetatu ya mtu mmoja si ya mwingine. Hata hivyo Bonwill alifungua njia, maana alipima badala ya kukisia.

Mwaka 1890 Mjerumani Ferdinand Graf von Spee alionyesha kwamba vichwa vya meno ya chini, ukivitazama kutoka kando, havikupangwa katika mstari ulionyoka. Hupinda kama ubavu wa mtumbwi: chini katikati, juu nyuma. Mpindo huo huitwa kwa jina lake hata leo.

Mwaka 1899 Mmarekani George Snow alileta chombo kama upinde, ambacho huwekwa mbele ya masikio ya mgonjwa. Kazi yake ni kupima umbali kutoka viungo vya taya mpaka meno, kusudi sanamu ya plasta iwekwe katika taya la mfano mahali pale pale ilipo kichwani.

Kisha, mjini Zürich katika nchi ya Uswisi, akatokea Alfred Gysi. Karibu na mwaka 1910 alitumia njia nzuri ya kuandika mwendo wa taya. Alifunga sindano katika bamba moja, na katika bamba la pili akaweka kibao chenye nta nyeusi. Mgonjwa alipolipeleka taya kulia na kushoto, sindano ilichora alama kama ncha ya mshale. Ile ncha ilionyesha mahali taya linapofika likirudi nyuma kabisa.

Kwa nini jambo hilo ni kubwa? Mtu mwenye meno yake huongozwa na meno. Afungapo kinywa, vilima hutafuta mabonde yake. Lakini asiye na hata jino moja hana kiongozi. Mwambie aume leo, ataleta taya mbele. Mwambie kesho, atalipeleka kando. Fundi alihitaji mahali ambapo taya laweza kurudi kila mara bila kukosea. Gysi alimpa alama ya kusoma.

Kuna na kipimo cha pili, nacho ni urefu. Meno ya bandia yakiwa marefu mno, hugongana mtu anaposema, na misuli huchoka kwa kuwa ile nafasi ya kupumzika imekwisha. Yakiwa mafupi mno, kidevu hukaribia pua, uso hukunjamana kama wa mzee sana, na pembe za midomo huchanika.

MENO YA ASILI YALIPOKATAA KANUNA

Sasa tufike katika jambo ambalo limewafundisha unyenyekevu wataalamu wenyewe.

Katika meno ya bandia kamili walikuwa wamejifunza kanuni hii: taya liendapo kando, meno ya kulia na ya kushoto yote yaguse pamoja. Sababu yake ni wazi. Bamba limekaa juu ya ufizi tu, halina mizizi. Likiguswa upande mmoja huinuka upande wa pili, kama kigoda kwenye sakafu isiyo sawa.

Mwaka 1926 Beverly McCollum na wenzake waliunda chama huko California cha kuchunguza taya kwa vipimo vikali. Wao nao walitaka kuitia kanuni ileile katika meno ya asili. Walipotengeneza mataji ya dhahabu kwa watu wenye mizizi ya meno, waliyapanga yaguse pande zote mbili. Lakini miaka ilipopita waliona kazi yao ikisagika na meno yakiumia. Jino la asili lina mzizi wake, halihitaji kusaidiwa na la upande wa pili. Kuliburuza kando kila saa ni kulichosha.

Mwaka 1958 Angelo D'Amico, Mmarekani, alisisitiza kazi ya chonge, lile jino la pembeni lenye ncha na mzizi mrefu. Taya liendapo kando, chonge la juu na la chini huteleza pamoja, yakaachanisha magego yasisuguane. Baadaye wengi wakafuata fikira hiyo katika kutengeneza meno ya asili, ijapokuwa si kila mtu mwenye afya ameumbwa hivyo.

Huko Uswidi, mwaka 1952, Ulf Posselt alikuwa amechora mipaka yote ya mwendo wa taya. Alionyesha kwamba kwa watu wengi mahali meno yanapokutana vema ni mbele kidogo ya mahali taya linapoweza kurudi nyuma kabisa, kadiri ya milimita moja. Basi maumbile hayakufuata mashine. Mashine ndiyo inayopaswa kujifunza kwa maumbile.

YANAYOTUHUSU SISI

Siku hizi sura ya meno yaweza kupigwa picha kwa chombo kidogo kinywani, na kompyuta ikayakutanisha mataya bila plasta. Lakini bado daktari hutia karatasi nyembamba ya rangi kati ya meno na kumwambia mgonjwa, "Uma." Rangi huacha alama palipogusa. Chombo chaweza kupima, lakini mwenye kinywa ndiye anayesikia.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, shika mambo matatu.

Kwanza, ukizibwa jino, na ganzi ikaisha, ukasikia jino hilo latangulia kugusa kabla ya mengine, usione haya kurudi na kusema. Si utovu wa adabu. Unene mdogo kama wa karatasi watosha kulitia jino maumivu, na kuupunguza ni kazi ya dakika chache.

Pili, pengo lisidharauliwe. Jino likikosa mwenzake wa kukutana naye laweza kutoka polepole katika mahali pake, na majirani ya pengo yaweza kulalia humo. Muulize daktari mapema.

Tatu, taya likikuuma, usikubali haraka kusagwa meno yako mazima ili "kuyasawazisha." Uchunguzi wa miaka ya karibuni haukupata ushahidi wa kutosha kwamba kusaga huko huponya maumivu ya taya, na jino likisagwa halioti tena.

Rais Washington alikuwa na uwezo wa kununua meno ya watu wengine, lakini hakuweza kununua elimu ambayo haijapatikana. Elimu hiyo imepatikana kwa nta, plasta, sindano, na watu waliokubali kusahihishwa na vinywa vya wagonjwa wao. Leo si ya marais peke yao.

Mwalimu, sasa waulize wanafunzi maswali haya:

1. Ni taya lipi linalosogea, na mwendo wake watofautianaje na mlango wa bawaba?
2. Kwa nini meno ya Washington yalimchosha, ijapokuwa yalitengenezwa kwa gharama kubwa?
3. Pfaff alipata faida gani kwa kumwumisha mgonjwa nta?
4. Kwa nini kanuni iliyofaa meno ya bandia haikufaa meno ya asili?
5. Jadilianeni: mtu akisikia jino lililozibwa limeinuka, kwa nini wengi hunyamaza, na afanye nini?

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, hadi somo lijalo.